Waraka kwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Kakamega Kuhusu Kamera Zinazotambua Nyuso

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Mheshimiwa Spika,
na Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,
Kaunti ya Kakamega.

KUH: MASHARTI YA KUTIMIZWA KABLA YA MASHINE KUTUTAMBUA KWA NYUSO

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mkazi na mlipa kodi wa kaunti hii, na nimeandika mapema kwa makusudi. Nchini mwetu barua kama hii huandikwa kandarasi ikishatiwa saini na mitambo ikishafungwa, halafu mahakama ikaombwa isimamishe jambo ambalo kikao kimoja cha bunge kingelinyoosha. Nimeona ni heshima kwenu kuwafikia kabla ya hapo, wakati jibu jema bado halimgharimu mtu cheo wala halipotezi fedha za umma.

Jambo lenyewe ni teknolojia ya kutambua watu kwa nyuso. Wengi wetu tunaifungulia simu kila asubuhi. Hatua inayofuata ni afisi za umma, hospitali, masoko, vyuo na viwanja, na wauzaji wake ni hodari wa maneno. Watakuja na slaidi za kupendeza, wataahidi kumaliza wizi, foleni na wafanyakazi hewa kwa pigo moja, na wataomba saini kabla mwaka wa fedha haujaisha. Ombi langu kwenu ni hili: kamera yoyote yenye uwezo wa kutambua sura isitundikwe kwa fedha za Kakamega mpaka wananchi waonyeshwe kandarasi, waonyeshwe tathmini ya athari zake, na waambiwe ni nani asiyekuwa chini ya afisi iliyoinunua atakayekuwa na uwezo wa kuizima.

Naanza na faida, kwa sababu zipo na nazitaka zitufikie.

Tazameni mikono ya watu wanaoilisha kaunti hii. Aliyekata miwa ya Mumias ujana wake wote, aliyechimba dhahabu Ikolomani, aliyefua nguo za watu Amalemba kwa miaka mingi, vidole vyake vimelainika hata mashine haisomi alama. Tumeyaona haya siku za kura. Karani anafuta kidole cha mama kwa kitambaa, anamwambia abonyeze tena, anajaribu dole gumba, anahamia mkono wa kushoto, na nyuma yake foleni inaanza kunung'unika kana kwamba mama amekuja na kidole cha mtu mwingine. Mwishowe anajaziwa Fomu 32A na kupiga kura yake, lakini amekwisha kutazamwa na ukumbi mzima kama mshukiwa. Mama huyo, kamera inayolinganisha uso wake na picha yake mwenyewe ingemrudishia heshima yake kwa sekunde chache.

Hospitalini faida ni kubwa vilevile. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya hazina ya zamani ya bima, na kila shilingi inayolipwa kwa mgonjwa ambaye hakulazwa ni shilingi iliyonyang'anywa mgonjwa aliyelala wodini. Kumthibitisha mgonjwa kwa uhakika kunaziba mwanya huo. Kadhalika orodha ya mishahara: mtu asiyekuwepo hawezi kuonyesha uso. Na mzee aliyepotewa na kumbukumbu akiokotwa kando ya barabara bila kitambulisho, mashine ingeweza kumrudisha kwa wanawe kabla ya jua kutua. Anayepinga mambo haya yote kwa jumla hajawahi kumtafuta mzazi usiku.

Waheshimiwa, wauzaji hawatawaeleza kwamba hapo nimetaja kazi mbili tofauti kabisa. Kazi ya kwanza ni kuthibitisha: mtu amekuja mwenyewe dirishani, amesema yeye ni fulani, na mashine inalinganisha uso wake na picha moja, ya kwake. Anajua anachofanyiwa, na mashine ikikataa yupo pale kujitetea. Kazi ya pili ni kusaka: kamera iko juu ya mlingoti, mtu anapita zake kwenda sokoni, na mashine inaulinganisha uso wake na maelfu ya nyuso zilizohifadhiwa bila yeye kuulizwa wala kujua. Mtambo unaweza kununuliwa kwa kazi ya kwanza na kupewa kazi ya pili kwa badiliko dogo la mipangilio, bila kikao na bila tangazo. Kwa hiyo mkisimama bungeni kujadili bajeti, swali la kwanza liwe hilo: tunanunua kuthibitisha au tunanunua kusaka?

Mashine haioni uso kama mama anavyomwona mwanawe. Inapima umbo la uso, inaligeuza kuwa mfululizo wa nambari, inalinganisha nambari hizo na nyingine, kisha inatoa alama za kufanana. Halafu mtu, mwanadamu mwenye jina na mshahara, anaamua ni alama ngapi zinatosha kusema "ni yeye". Akishusha kiwango, wasio na hatia wengi wananaswa. Akikipandisha, wahalifu wengi wanapita. Uamuzi huo unahusu uhuru wa watu, hivyo ni wa kisiasa na ni wenu. Msiuache mikononi mwa fundi wa kampuni aliye mbali na Kakamega.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme siku ya mechi kubwa katika uwanja wa Bukhungu watu 10,000 wanapita langoni, na mashine inakosea mara moja tu kwa kila watu 1,000. Muuzaji ataiita hiyo sahihi kwa asilimia 99.9, na atakuwa amesema kweli. Lakini watu kumi wasio na kosa watakuwa wametolewa kwenye mstari mbele ya watoto wao. Ikiwa mle uwanjani mna mshukiwa mmoja wa kweli, basi polisi wana watu kumi na mmoja, na kumi kati yao hawahusiki.

Na sisi ndio tulio hatarini zaidi. Desemba 2019, taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia viwango, NIST, ilichapisha matokeo ya kupima programu 189 za kutambua nyuso kwa kutumia picha zaidi ya milioni 18. Katika programu nyingi, uwezekano wa kumfananisha mtu na mtu mwingine asiye yeye ulikuwa mkubwa zaidi, kuanzia mara kumi hadi mara mia, kwa nyuso za Wamarekani weusi na za Waasia kuliko za Wazungu. Miongoni mwa waliokosewa zaidi walitajwa watu wa Afrika Magharibi na watu wa Afrika Mashariki. Hao ni sisi, Waheshimiwa. Mwaka uliotangulia, watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walikuwa wamepima programu za kampuni kubwa zinazokisia jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe kosa halikufika asilimia 1. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, programu moja ilikosea kwa takriban asilimia 35. Ni haki niongeze kwamba NIST ilikuta programu chache bora ambazo tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno. Ndiyo maana jina la programu, na matokeo ya kuipima kwa watu wa sura zetu, lazima yawe ndani ya kandarasi. Muuzaji asiyeweza kuyaonyesha ashukuriwe kwa ujio wake na asindikizwe mlangoni.

Makosa haya yana majeruhi. Januari 2020, Robert Williams, Mmarekani mweusi wa jimbo la Michigan, alikamatwa mbele ya nyumba yake, mkewe na binti zake wadogo wakitazama, kwa sababu mashine iliyotumiwa katika uchunguzi wa polisi wa Detroit ilifananisha picha yake na ya mwizi wa saa. Alikaa kizuizini takriban saa 30. Juni 2024 jiji hilo lilikubali kumlipa dola 300,000 na kubadilisha kanuni zake ili mtu asikamatwe kwa neno la mashine peke yake. Detroit ina mawakili wengi, na hata hivyo haki ilichukua zaidi ya miaka minne. Kijana wa Shinyalu asiye na nauli ya kwenda mahakamani angesubiri mpaka lini?

Mheshimiwa Gavana, Kakamega inajua gharama ya picha isiyokuwa mahali pake, na wewe unaijua kuliko wengi wetu. Tarehe 8 Agosti 2022, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uchaguzi iliahirisha kura ya ugavana hapa na Mombasa kwa sababu karatasi zilikuwa na picha na maelezo ya wagombea wasiohusika. Kesho yake vifaa vya KIEMS vya kutambua wapiga kura vikakwama katika baadhi ya vituo vya kaunti hii, na tume ikaruhusu daftari la karatasi litumike. Kura ya ugavana ilipigwa tarehe 29 Agosti. Tulikasirika, tulichelewa, lakini haki haikupotea, kwa sababu tatu. Vifurushi vilifunguliwa kabla ya kazi kuanza. Watu wa kawaida waliweza kuliona kosa kwa macho yao. Na palikuwepo mtu mwenye mamlaka ya kusema simameni. Kiti unachokalia kililindwa na mambo hayo matatu. Tunaomba ulinzi uo huo uwafikie waliokuchagua.

Najua jibu la kwanza litakalotolewa: tayari kuna sheria. Kweli ipo, na ni nzuri. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka data za mwili katika kundi la data nyeti. Kifungu chake cha 31 kinataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya kazi yenye hatari kubwa, na cha 35 kinampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito. Tatizo letu halijawahi kuwa upungufu wa sheria. Limekuwa haraka ya viongozi inayozipita sheria zao wenyewe.

Mwaka 2019 tulipangwa foleni kwa machifu kujiandikisha kwa nambari mpya ya utambulisho, Huduma Namba, tukaambiwa asiyekuwa nayo atakosa huduma, na mamilioni miongoni mwetu tukatoa alama za vidole na picha za nyuso. Sheria ya kuzilinda haikuwa imepitishwa bado. Januari 2020 Mahakama Kuu ikazuia mradi usiendelee mpaka pawe na kanuni kamili, na ikakataza ukusanyaji wa DNA na wa mahali mtu anapoishi kwa setilaiti. Oktoba 2021 mahakama ikatamka kwamba utoaji wa kadi zake ulikuwa batili kwa kuwa tathmini ya athari haikufanywa. Mabilioni ya shilingi yalitumika, na leo kadi hiyo haifungui mlango wowote. Tathmini ni kazi ya wataalamu wachache, karatasi na muda. Hiyo ndiyo iliyokosekana.

Juni 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya kisiasa ambavyo hawakuvijua, kwa kutumia nambari za vitambulisho vyao. Nambari hizo zilipatikana wapi? Kila mmoja wetu ameziacha vitabuni mwa mabawabu mara nyingi asiweze kuzihesabu. Na mwaka 2023, mradi wa Worldcoin ulipokuwa ukipiga picha mboni za macho kwa malipo ya karibu shilingi 7,000, vijana walijazana KICC jijini Nairobi mpaka serikali ikasimamisha shughuli hiyo mapema Agosti. Wakati huo zaidi ya Wakenya 300,000 walikuwa wamekwisha kupigwa. Iliwabidi wanaharakati wa Katiba Institute kwenda mahakamani, na tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili akaamuru data hizo zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Kati ya kusimamishwa kwa shughuli hiyo na amri ya kufuta ilipita karibu miaka miwili. Aliyekuwa na njaa siku ile hakuwa na uhuru wa kukataa, na mahakama iliona kwamba ridhaa iliyotangulizwa fedha ina kasoro.

Kuna na la zamani, nalo ni letu wenyewe. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Iliahidi kwamba ardhi ya hifadhi ni ya wenyeji daima, na kwamba kipande chochote kikichukuliwa, kingine cha thamani hiyo kitatolewa badala yake na baraza la wenyeji litashauriwa kwanza. Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana Kakamega. Wachimbaji wa Kizungu wakamiminika. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa: ardhi iliyohitajika kwa madini iliweza kutengwa kwa fidia ya fedha, bila badala ya ardhi na bila kulisubiri baraza. Neno "daima" lilidumu miaka miwili. Ahadi ni deni, lakini deni lisilo na wa kulidai hufutwa siku ile anayedaiwa anapopata tamaa. Wazee wetu walikuwa na sheria iliyoandikwa vizuri. Walichokosa ni mtu wa nje ya serikali ile mwenye uwezo wa kuizuia isijibadilishie masharti. Nyuso zetu leo zina thamani kwa makampuni kama ardhi ile ilivyokuwa na thamani kwa wachimbaji, na mimi sitaki wajukuu wetu wausome waraka huu kama sisi tunavyoisoma sheria ya 1930.

Msidhani nawaza mbali. Serikali ya Uganda ilitundika Kampala mtambo wa kamera za Huawei uliogharimu takriban dola milioni 126, na hoja iliyotolewa ilikuwa usalama dhidi ya wauaji na majambazi. Novemba 2020 mgombea urais Bobi Wine alipokamatwa akiwa kwenye kampeni, maandamano yakazuka na watu wasiopungua 54 wakauawa. Polisi baadaye walithibitisha kwamba walizitumia kamera hizo kuwasaka washukiwa wa maandamano. Kamera hazikubadilika. Aliyebadilika ni yule anayesakwa.

Sisi nasi tuna vijana. Juni 2024 walijaa barabarani humu mjini, kama wenzao kote nchini, kuupinga Mswada wa Fedha, na Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki hiyo. Kufikia mwisho wa mwaka ule Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu waliotekwa tangu Juni. Katika nchi iliyopitia hayo, kamera ya kusaka nyuso juu ya barabara ya maandamano itawafanya vijana wanyamaze hata kabla haijawashwa. Nanyi Waheshimiwa mnajua kwamba polisi ni kazi ya serikali ya kitaifa, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti ina masoko, zahanati, taa za barabarani, maegesho na viwanja. Basi tuambieni: afisa akija na gari lake kutaka picha za waliopita sokoni Jumatatu, msimamizi wenu atamwomba karatasi gani? Kama jibu ni amri ya mahakama, liandikeni katika sheria ya kaunti. Kama hamna jibu, hamjawa tayari kununua kamera.

Hatari haitoki serikalini peke yake. Hivi karibuni nilifika katika jengo moja la afisi hapa mjini. Mezani kwa bawabu palikuwa na daftari la wageni, kalamu iliyofungwa kwa uzi, na kando yake kamera ndogo juu ya kishina cha plastiki. Nikaandika jina na nambari ya kitambulisho, nikageuka kwenda kwenye ngazi. "Mwalimu, tazama hapa kidogo," akaniambia. Nikamuuliza picha inakwenda wapi. Akatazama skrini, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Mimi sijui, mwalimu. Niliambiwa kila mtu apigwe." Hapakuwa na tangazo ukutani, wala jina la kampuni, wala mtu wa kuuliza. Simlaumu kijana yule hata kidogo. Alipewa mashine asipewe jibu. Lakini sheria inataka mtu aelezwe kabla ya data yake kuchukuliwa, na kaunti, ambayo ndiyo inayotoa leseni za biashara, inaweza kulisimamia hilo kesho asubuhi.

Adhabu zipo. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kumtangaza mteja bila ridhaa yake. Hizo zilikuwa picha za kawaida tu, zisizo na mashine ya kutambua. Shule na vyuo vya Kakamega vinavyofikiria kuita majina kwa kamera vitazame pia mji wa Skellefteå, Uswidi. Shule moja huko ilijaribu kamera ya mahudhurio kwa wanafunzi 22 kwa muda wa wiki tatu. Wazazi walikuwa wamekubali. Mwaka 2019 mamlaka ya data ikautoza mji huo faini ya krona 200,000, kwa hoja kwamba mwanafunzi hawezi kumkatalia mwalimu wake kwa uhuru, na kwamba mahudhurio yanaweza kuhesabiwa kwa njia nyepesi zaidi. Hoja hiyo inamhusu pia muuguzi wa kaunti anayeambiwa akubali kamera au akose mshahara.

Mtaambiwa, na pengine mtasema, kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa. Naomba neno hilo lisitamkwe bungeni. Mama anayekwenda kliniki ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi hana uhalifu wa kuficha, ila ana haki ya kwenda na kurudi bila ukoo wake kuhesabu hatua zake. Kamera ya lango la kliniki hiyo, yenye uwezo wa kutambua sura, ni orodha ya wagonjwa. Atakayeipata orodha hiyo, kwa kuiba au kwa kununua, ataujua ugonjwa wa mtu kwa kujua alipita mlango gani. Nambari ya siri ikiibwa hubadilishwa siku hiyohiyo, na kitambulisho kikipotea hutolewa kingine. Uso ukishaingia mikononi mwa wasiostahili, mwenyewe ataendelea kuubeba mpaka kaburini.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba mambo sita.

Kwanza, kandarasi yoyote ya teknolojia hii iwekwe wazi kwa Kiswahili na Kiingereza kabla ya kutiwa saini, ikionyesha kampuni, jina la programu, bei, mahali data zitakapohifadhiwa na nani mwingine ataziona.

Pili, tathmini ya athari ifanywe na kuchapishwa kabla shilingi ya kwanza haijalipwa, pamoja na matokeo ya majaribio kwa watu wa sura na umri wa wakazi wa hapa, wazee na wanawake wakiwemo.

Tatu, mtambo wa kaunti uthibitishe tu. Kusaka nyuso barabarani, sokoni na viwanjani kupigwe marufuku kwa sheria ya kaunti, isipokuwa kwa amri ya mahakama inayomtaja mtu au tukio mahususi. Umoja wa Ulaya, wenye fedha na mahakama nyingi kuliko zetu, umewazuia polisi wake kusaka nyuso hadharani papo kwa papo tangu Februari 2025, ila katika hali chache zilizoorodheshwa. Si aibu kwetu kuwa waangalifu kiasi hicho.

Nne, njia nyingine iwepo daima. Mgonjwa asiyetaka kamera, au aliyekataliwa na kamera, ahudumiwe kwa kitambulisho au daftari, bila kusimamishwa kando na bila maswali.

Tano, muda wa kufuta uandikwe kwa siku, na ukaguzi wa kufuta ufanywe na mtu wa nje. Picha isiyolingana na yeyote ifutwe palepale.

Sita, iundwe kamati huru ya usimamizi yenye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mawakili, viongozi wa dini, watu wenye ulemavu, wafanyabiashara wa soko na vijana. Iripoti bungeni kila miezi sita, na iwe na mamlaka ya kusimamisha mtambo bila kuomba ruhusa kwa afisi iliyoununua. Kamati ya kushauri tu haitoshi. Ushauri tumeutoa miaka mingi, na tumeona ulivyowekwa kabatini.

Itasemwa kwamba masharti haya yatachelewesha maendeleo. Mradi uliochelewesha zaidi ni ule uliokimbia, ukafikishwa mahakamani, ukaanza upya kwa jina jingine. Kaunti itakayofuata utaratibu huu itamfikishia mkata miwa wa Mumias kamera inayomtambua kwa heshima, mapema kuliko kaunti itakayoruka hatua. Na itakuwa kaunti ya kwanza ambayo wananchi wake wameamini mashine kwa sababu wameiona ikifunguliwa mbele yao.

Nakala ya waraka huu naiwasilisha kwa Karani wa Bunge la Kaunti kama ombi rasmi chini ya Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Nyingine naipeleka katika afisi ya Gavana chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inampa afisa wa umma siku 21 za kujibu, nikiuliza mambo mawili: je, kuna idara yoyote ya kaunti inayotumia, inayojaribu au inayopanga kununua mtambo wa kutambua nyuso, na kama ipo, tathmini yake iko wapi? Jibu likiwa "hakuna", nitalipokea kwa furaha na kuomba sheria itungwe sasa, wakati hakuna muuzaji anayesubiri malipo. Likiwa "ipo", naomba nyaraka. Nitazisoma zote, na nitawasomea jirani zangu barazani.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu, mkazi wa Lurambi,
Kakamega.